Wingi wa Makala na Uzito wa Amana



Mwaka jana kaka mmoja aliyenitangulia katika udaktari alinipigia simu: "Mdogo wangu, tumekuweka kwenye makala yetu ya upasuaji. Wewe ni jina la nne." Nilifurahi sana. Kazi yangu yote katika utafiti ule ilikuwa kupanga orodha ya marejeo jioni moja. Sikumwona mgonjwa hata mmoja, wala sikufungua faili. Nikasema alhamdulillah, nikaiandika kwenye wasifu wangu.

Leo nauliza: je, mwanachuoni apimwe kwa idadi ya makala zake na mara anazonukuliwa?

Kipimo kipo. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza hesabu nyepesi: mtafiti mwenye makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, alama yake ni 20. Vyuo vingi hutazama namba hiyo wakati wa kuajiri na kupandisha vyeo. Lakini namba hiyo inatuambia mtu amesikika kiasi gani. Haituambii kama amesema kweli.

Tazama kisa cha Joachim Boldt wa Ujerumani, bingwa wa nusukaputi na wagonjwa mahututi. Alikuwa na makala mamia, na alinukuliwa sana katika mjadala wa dripu zilizotengenezwa kwa wanga, ambazo alizitetea. Mwaka 2009 alichapisha utafiti kuhusu upasuaji wa moyo. Wasomaji wakashuku, kwa kuwa takwimu zake zilikuwa zimenyooka kupita kiasi. Mwaka 2010 makala hiyo iliondolewa, na mwaka uliofuata wahariri wakatangaza kuondoa karibu 90 nyingine kwa kukosa idhini ya kamati ya maadili. Hadi sasa zilizoondolewa ni zaidi ya 200.

Aliyeumia ni nani? Mwaka 2013 watafiti walijumlisha tafiti za dripu hizo kwa wagonjwa mahututi. Walipoziweka kando 7 za Boldt, zilizobaki, zenye wagonjwa zaidi ya 10,000, zilionyesha kwamba dripu hizo ziliongeza vifo na kushindwa kwa figo. Ndugu msomaji, nyuma ya kila nukuu kulikuwa na daktari aliyeamini, na mbele ya daktari huyo kulikuwa na mgonjwa kitandani.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3,141 waliolazwa na homa kali na dalili za mshtuko. Wengi walitarajia kwamba kuwapa maji mengi ya dripu kwa haraka kungewaokoa. Ikawa kinyume: katika saa 48 za kwanza walifariki kama 10.5 katika kila 100 waliopewa maji hayo, na 7.3 katika kila 100 wasiopewa. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda, na matokeo yakatangazwa yalivyo, ingawa yalipingana na mazoea ya madaktari. Hiyo ndiyo amana.

Najua mtaniambia: "Sisi wa vyuo vya huku, bila namba nani atatutambua?" Hoja hiyo ina uzito. Kamati ya ufadhili haiwezi kusoma kila makala ya kila mwombaji, na anayekosa namba hukosa nafasi. Siisemi namba kuwa haramu. Ila namba ni ushahidi, na ushahidi wa uongo tunajua hukumu yake.

Wanachuoni wa hadithi walilijua jambo hili zamani. Imam Bukhari alipitia riwaya mamia ya maelfu, akaingiza katika Sahihi yake takriban 7,000 tu pamoja na zinazorudiwa. Sifa yake imejengwa na alizoziacha pia. Na mpokezi aliulizwa: uliisikia mwenyewe? Nikajiuliza swali hilohilo juu ya jina langu la nne, nikakosa jibu.

Nikampigia yule kaka kabla makala haijachapishwa. Alicheka: "Kila mtu anafanya hivyo." Nikamwomba anihamishie kwenye shukrani, akakubali shingo upande. Mwezi uliofuata nilijaza fomu ya ufadhili, na mahali pa machapisho nikaandika "hakuna". Sikupata.

Niliumia, sitaficha. Lakini Surat at-Takathur inatuonya juu ya kushindana kwa wingi, kisha inatupeleka makaburini na kwenye kuulizwa. Huko siku hiyo sitaulizwa nimenukuliwa mara ngapi. Nitaulizwa juu ya elimu yangu, niliifanyia nini.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na nia safi. Amin.