Kumpenda Kipepeo

Kila mtu humpenda kipepeo; kiwavi hana rafiki. Lakini wawili hao ni kiumbe mmoja katika nyakati mbili za umri wake. Je, yu mkweli mtu apendaye uzuri wa kitu, akayachukia maisha yaliyouzaa?

Swali hili lilinijia Kibaha, chini ya mlimao. Mwenye shamba alikuwa akiponda viwavi, na karibu naye mwanawe alikuwa akimvizia kwa simu kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, apate picha yake. Kipepeo huyo, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, hutaga mayai juu ya majani ya milimao na michungwa. Kiwavi wake akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani kama jani. Baba aliua kile ambacho mwana alikisifu, wala hapana kati yao aliyejua.

Tusiwacheke. Katika miji ya Ulaya na Marekani yamo majumba ya vioo ambamo vipepeo wa nchi za joto huruka hata wakati wa theluji. Baadhi yao hutoka kwetu. Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, umewawezesha wakulima kufuga viwavi na kuuza ng'ambo pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga ndani ya ganda kabla ya kuota mabawa. Mtazamaji husoma jina kibaoni, hupiga picha, akaenda zake akidhani amemjua kipepeo. Amjuaye zaidi ni mkulima, kwa kuwa riziki imemfundisha kiwavi yupi hula mti upi, na kwamba mti ukitoweka, kipepeo naye hutoweka.

Yuko atakayesema kuwa mtu hali vipepeo. Ndimu huuzwa, na mkaa huivisha chakula. Ni kweli. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi huko Kisarawe, mabaki ya misitu ya kale ya pwani, umekatwa sana kwa ajili ya mkaa, na mimi pia nimekula wali ulioivishwa kwa mkaa nisiouliza ulikotoka. Maadili hayamtaki mkulima afe njaa kwa ajili ya mdudu. Lakini mlimao mkubwa hustahimili viwavi wachache, hali mche mchanga huweza kuvuliwa majani yote. Ajuaye tofauti hiyo aweza kuulinda mche na kuuachia mti mkubwa wageni wake. Asiyejua huua wote, kisha hulalamika kuwa vipepeo wamepungua.

Basi kutambua si kutaja jina tu. Jina na picha ni mlango. Aliyeingia huuliza kiumbe huyu hula nini, na nani amnyimaye chakula hicho. Jibu likiwa ni yeye mwenyewe, hapo ndipo upendo wake huanza kupimwa.