Mnaopima Karakana ya Marehemu kwa Kilo

Enyi mnaokimbilia ufunguo wa karakana kabla udongo wa kaburi haujakauka, sikilizeni. Nasema nanyi wa Roret, na wa Litein na Kapkatet, na ninyi wa upande wa Sotik na Bomet, kwa maana jambo hili limekuwa desturi kwenye vituo vyetu vya biashara na hakuna anayelikemea. Fundi akizikwa Ijumaa, wiki inayofuata pikapu ya vyuma chakavu imeegeshwa mlangoni pake, na ndugu yake anahesabu noti.

Mnasema mazishi yamewaachia madeni. Mnasema mashine zitaota kutu, na kwamba mjane hajui kuchomelea chuma. Mbona basi hamkumwuliza mjane? Mbona mlipatana bei nyuma ya nyumba, naye yuko ndani amekaa na waombolezaji?

Tazameni mlichokiuza. Ile mashine ya kuchomelea marehemu aliisuka kwa mikono yake, akizungusha waya wa shaba mzingo juu ya mzingo jioni baada ya kazi. Mnunuzi ameipasua pale pale uani, akaipima shaba na kulitupa sanduku. Mashine ya kukereza imekwenda kwa mtu mwingine, na gia zake za kubadilishia, zilizokuwa kwenye boksi chini ya benchi, zimemwagwa kwenye mizani pamoja na misumari iliyopinda. Aliyeinunua hatakata nayo skrubu za vipimo mbalimbali, kwa kuwa gia ndizo zilizofanya kazi hiyo. Mmeua mashine nzima ili mpate pesa ya mchele na nyama ya siku moja! Na kinu cha posho kikivunjika shafti, au trela ya majani chai ikipasuka chesisi, tutafunga safari ya Kericho kutafuta kilichokuwa hapa hapa kituoni.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, ilikataza kuchukua hata jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ni kumchukulia mtu uhai wake. Hilo mnalisikia kanisani Jumapili. Ninyi hamkuchukua rehani; mmeuza kabisa.

Na msidhani sheria ya nchi iko kimya. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inayotumika tangu 1981, inasema katika kifungu cha 45 kwamba anayechukua au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ametenda kosa: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote pamoja. Tena atamjibu msimamizi halali wa mirathi kwa kila alichokigusa. Kuwa kaka wa marehemu si idhini. Kuchaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi si idhini.

Sheria hiyo hiyo inampa mjane vyombo vya nyumbani viwe vyake moja kwa moja, lakini imevitoa humo vitu vya biashara na kazi ya marehemu. Kama hakuna wosia, mashine ni zake kuzitumia maisha yake yote, kisha ni za watoto kwa mafungu sawa, binti aliyeolewa naye yumo. Sikatazi kuuza. Mjane akilazimika kuuza ili apate riziki, kifungu cha 37 kinamruhusu, ila watoto waliofika utu uzima wakubali, au mahakama ikubali. Angalieni basi: yeye aliyelala kitanda kimoja na marehemu anatakiwa kuomba ridhaa, nanyi mmeuza kwa simu!

Nawe mnunuzi usijifiche nyuma ya mizani yako. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku kwa muda biashara yenu ya vyuma chakavu kwa sababu ya nyaya za umeme zilizokuwa zikiibwa, na wengi wetu tukapiga makofi. Aliyekata waya wa stima tulimwita mhujumu. Anayeng'oa jiliwa kwenye benchi la yatima tunamsaidia kupakia.

Ole wenu pia, wazee wa kokwet, baraza la kijiji, na wewe naibu wa chifu uliyehutubia mazishini. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Urithi kinakuagiza, ukiombwa na mwenye haki katika mali ile, ufike nyumbani kwa marehemu na uilinde mali yake. Ulipofika ulikula, ukaaga.

Yupo pia kijana ambaye hakuna aliyemtaja. Alijifunza kazi kwa marehemu, anajua mashine ipi inatetemeka na wateja gani walilipa malipo ya kwanza ya lango. Angeweza kukodishwa karakana ile, akamlipa mjane kila mwezi, na bonasi ya wakulima wa chai ikitoka Oktoba wateja wangekuja kama kawaida. Mlimfukuza mkisema ataiba.

Mrudishieni mjane ufunguo leo. Andikeni orodha ya kila chombo mbele ya watoto wote na huyo kijana, gia na tupa zikiwemo. Mlichouza, kinunueni tena kwa pesa zenu; kilichokwisha kuyeyushwa, mlipeni mjane thamani ya mashine nzima, si ya kilo. Kisha nendeni mahakamani Kericho mkaombe hati ya kusimamia mirathi, jina lake mjane likitangulia.