Majibu ya Kuchapisha

Orodha ya walioitwa kwenye usaili wa ajira za serikali ikitoka tu, steshenari za Sumbawanga hupata wateja. Vijana huchapisha mafaili ya maswali na majibu yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: jieleze, uadilifu ni nini, taja maadili ya mtumishi wa umma. Majibu yamekwisha kuandikwa. Kazi ya msailiwa ni kumeza.

Kwenye mchujo wa kuandika, kumeza kuna faida yake. Sekretarieti ya Ajira, iliyoundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002 na marekebisho yake ya 2007, ina waombaji wengi kuliko nafasi, na lazima iwapunguze. Taabu huja kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Jopo lililosikia “najituma na napenda kushirikiana na wenzangu” tangu asubuhi litaandika nini kuhusu mtu wa kumi?

Mhitimu wa ualimu aliyejitolea kufundisha Laela au Mtowisa, nje ya mji wa Sumbawanga, ana mali bora kuliko faili hilo. Akiulizwa atafanyaje darasa likifurika, aachane na fasili za chuoni; aeleze alivyowagawa watoto waliotumia kitabu kimoja, wangapi hawakujua kusoma Januari, na kufikia Juni hali ilikuwaje. Waliotoroka wakati wa kuvuna mahindi aliwarudishaje? Wala ufundi wa kusimulia si mgeni Ufipa, eneo la Sumbawanga: mwanaanthropolojia Roy Willis alichapisha kitabu kizima cha hadithi za Wafipa mwaka 1978.

Huenda kinachowakwamisha wengi ni malezi mema. Aliyefunzwa kutojisifu mbele ya wakubwa huona haya kusema “nilifanya”, akakimbilia “tulifanya”. Heshima aimalize kwenye shikamoo. Jopo linaajiri mtu mmoja, haliajiri kijiji.

Maandalizi si maneno tu. Mapema mwaka 2025 usaili wa walimu ulifanyika mikoani, kila msailiwa katika mkoa anakoishi. Ilikuwa nafuu kubwa, maana msailiwa hujigharamia nauli, chakula na malazi. Nafuu hiyo haimfai kitu aliyesahau nyumbani cheti halisi cha kuzaliwa, wala yule ambaye jina la kwenye cheti cha kidato cha nne halifanani na la kitambulisho cha NIDA. Huyo wa pili anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na haipatikani usiku wa kuamkia usaili.