Kipuri Kisichoonekana

Je, fundi anayetengeneza kwa mikono yake kipuri ambacho kiwanda kimeacha kukitoa anaendeleza kazi ya mwenzake, au anaghushi? Swali hili laweza kuonekana dogo mbele ya mambo makuu ya imani. Lakini sisi tunaoishi kwa nyundo na mashine ya kukereza hukutana nalo kila msimu wa kulima unapokaribia.

Matrekta ya Ferguson TE20 yalitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, na yalitoka zaidi ya 500,000. Kwa kuwa yalienea sana, vipuri vyake vingi bado huuzwa. Matrekta mengine ya umri huo hayakubahatika. Mwenye nalo hutuletea gia iliyokatika meno na kuuliza kama twaweza kuunda nyingine.

Kuunda si dhambi. Katika Kutoka 31 tunasoma kwamba Mungu alimjaza Bezaleli Roho yake ili awe stadi wa kazi za dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Ustadi ni karama. Anayepima gia iliyolika na kutafuta ilivyokuwa ilipokuwa mpya anamheshimu aliyeibuni.

Uongo huanzia kwingine. Gia iliyokerezwa kutoka ekseli ya lori bovu hung'aa hata kama haikupashwa moto na kuzimwa kwenye mafuta, lakini meno yake ni laini na yatalika upesi. Ikizimwa bila kupashwa tena kwa moto wa wastani, itakuwa ngumu, kisha itavunjika kama kigae. Mteja haoni tofauti, na giaboksi ikishafungwa hakuna anayeijua ila Mungu na fundi. Kwa hiyo deni letu la kwanza ni kusema kweli: kipuri hiki tumekiunda hapa, kwa chuma hiki, na hatuahidi kwamba kitadumu kama cha kiwanda.

Je, kusema kweli kunatosha? Hapo ndipo penye ugumu. Mvua zimekaribia, na mkulima asiye na fedha analeta mkono wa usukani uliopasuka. "Chomelea tu, fundi. Likitokea la kutokea, nitajilaumu mwenyewe." Ameijua hatari na ameikubali. Lakini Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini, ili mtu asianguke. Sheria hiyo haiulizi kama mwenye nyumba ana hofu, inamfikiria mgeni. Vivyo hivyo, usukani ukikatika mteremkoni, huenda atakayeumia ni mtoto aliyedandia madigadi, au mama anayepita na mzigo wa kuni. Hao hawakukubali lolote, na mkulima hana mamlaka ya kukubali kwa niaba yao.

Basi tunatofautisha. Kipuri ambacho kikivunjika jembe litasimama tu, tunakiunda, tunasema kweli, na mwenye mali anaamua. Kipuri ambacho kikivunjika mtu aweza kufa, nasi hatuna chuma kinachofaa wala njia ya kukihakiki, tunakataa.

Mtu atasema: mkikataa, ataenda kwa fundi mwingine, naye atachomelea. Au hatapata fundi kabisa, na watoto wake watakosa mahindi. Ni kweli. Ndiyo maana haitoshi kukataa na kunawa mikono kama Pilato. Aliyekataa bado anadaiwa: atafute mkono mzima kwenye trekta lililokufa, aulize mafundi wa wilaya nyingine, awaombe washarika wenye plau na maksai wamlimie ndugu yao walau ekari moja kabla mvua haijapita. Hapo ukweli wa fundi mmoja unakuwa gharama ya kanisa zima. Tukimwachia gharama hiyo peke yake, tusishangae siku moja akiwasha mashine na kuchomelea.