Elfu Sitini za Usiku wa Ijumaa

Mimi ni kijumbe wa upatu hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa tisa huu. Tuko wanawake 12, kila mmoja anatoa shilingi 20,000 kwa wiki. Fedha huanza kuletwa Alhamisi, na Jumapili jioni namkabidhi mwenye zamu 240,000 zake. Siku zile za katikati zinalala kwangu, kabatini chini ya nguo, ndani ya mkoba wa kitambaa alioushona marehemu mama.

Mwaka jana, usiku wa Ijumaa, mwanangu alishikwa na homa hadi akaweweseka. Ndani hamkuwa na senti. Nikafungua mkoba, nikatoa 60,000, tukakimbilia hospitali. Jumapili asubuhi mume wangu akalipwa ujira wake, nikazirudisha zote. Jioni mwenye zamu, dada mmoja muuza samaki wa mtaa wa pili, akahesabu, akashukuru, akaenda zake.

Nilijiambia hakuna aliyedhulumiwa. Nikaikumbuka aya ya 58 ya Suratun Nisaa, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, nikajifariji kuwa nimerudisha. Basi mbona hata mume wangu nilimficha zilikotoka?

Tunapowasimulia watoto hijra ya mwaka 622 tunapenda kusimulia Sayyidna Ali alivyolala kitandani pa Mtume, rehema na amani zimshukie, huku wauaji wamezingira nyumba. Kilichofuata huwa tunakipita mbio: Ali alibaki Makka siku tatu akiwarudishia watu vitu vyao. Makureshi waliokuwa wakimkadhibisha Mtume hadharani walikuwa bado wanamwekesha mali zao, kwa kuwa tangu kabla ya utume walimjua kwa jina la Al-Amin. Na Waislamu waliohama walikuwa wameacha nyuma nyumba na mali zikaangukia mikononi mwa hao hao. Kama yupo aliyekuwa na sababu ya kusema hiki nakishika kufidia kile, ni Mtume. Hakukishika. Uovu wa mwenye mali haukuifanya mali iwe ya mwingine. Kila nikifika hapo sasa naona haya, maana mkoba wangu haukuwa na mali ya adui. Ulikuwa na jasho la majirani zangu.

Miezi michache baadaye, katika darasa letu la akina mama la baada ya alasiri, tulifika mlango wa wadia, yaani kitu anachowekeshwa mtu kwa amana. Ustadha akatueleza kuwa fiqhi inatenganisha mkono wa amana na mkono wa dhamana. Ukiwekewa kitu, kikaibwa au kikaungua bila uzembe wako, hudaiwi, kwa sababu mkono wako ni wa amana. Ukikitumia bila idhini, mkono umeshageuka. Lolote litakalokipata, hata lisilotokana na wewe, ni juu yako kulipa.

Nikauliza, "Na akikirudisha mahali pake kabla mwenyewe hajajua?"

Akasema kwa sisi Mashafii kukirudisha hakuurudishi mkono wa kwanza, mpaka mwenyewe akuaminishe upya.

Kuanzia hapo sikusikia tena kilichosomwa. Zile fedha zilikuwa zimeshamfikia mwenyewe, kwa hiyo deni la mali lilikwisha, hilo nililielewa. Lakini yule dada alikuwa akiniletea 20,000 zake kila Alhamisi, akiamini mkono ni uleule. Angeniaminishaje upya na hajui kilichotokea? Ni lazima aambiwe, na wa kumwambia ni mimi.

Nilimkuta uani kwake anaparua magamba. Nikamweleza kila kitu, bila kuanza na homa ya mtoto, kwa sababu sikutaka anihurumie kabla hajanisikia. Nikamwomba anihalalishe. Akaendelea na samaki wake mpaka akammaliza, akanawa mikono.

"Mtoto alipona?"

"Alipona, dada."

"Mimi nalala hapo, dirisha la pili. Ungenigongea."

Hakuongeza neno. Sikujua kama amenisamehe, nikaona si haki yangu kumhimiza. Jioni ile nikawapitia na wale wengine 10, nyumba moja moja.

Alhamisi iliyofuata mtoto wake alibisha hodi saa kumi na moja jioni, ameshika noti mbili za elfu kumi zinazonuka samaki. "Mama amesema uziweke," akaniambia. Nikaandika daftarini mbele yake.