Kulinda Usichokijua

Katikati ya miaka ya 1990, wanafizikia wengi waliobobea waliamini kwamba kompyuta ya kwanta haitajengwa kamwe. Mwaka 1994 Peter Shor, mwanahisabati aliyekuwa AT&T huko New Jersey, alionyesha kwamba mashine ya namna hiyo, ikipatikana, ingeweza kuchambua namba kubwa mno na kupata namba tasa zilizoiunda, tena kwa kasi ambayo kompyuta za kawaida haziikaribii. Siri za benki na za serikali zilikuwa zinalindwa na ugumu wa kazi hiyohiyo. Habari ilisisimua, lakini jibu la wenye maabara lilikuwa la kukata tamaa. Mwaka 1996 Serge Haroche na Jean-Michel Raimond wa Paris, watu walioshika hali za kwanta kwa mikono yao, waliandika makala ya kuuliza kama jambo hili ni ndoto au jinamizi. Hawakuwa wageni wa fani: mwaka 2012 Haroche alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake hiyohiyo.

Hoja zao zilikuwa nzito. Kompyuta ya kawaida hujikinga na makosa kwa kurudia: andika 1 mara tatu, na ikitokea moja ikageuka 0, wingi wa zilizobaki utaamua. Kubiti, yaani biti ya kwanta, hairuhusu hilo. Mwaka 1982 William Wootters na Wojciech Zurek, na Dennis Dieks kwa upande wake, walithibitisha kwamba hali ya kwanta isiyojulikana haiwezi kunakiliwa. Halafu kuna suala la kutazama. Kubiti inaweza kubeba 0 na 1 kwa pamoja, kila moja kwa uzito wake, lakini ukiipima unapata jibu moja tu na mchanganyiko wote unatoweka. Tena makosa yenyewe hayana hatua: kubiti inaweza kupinda kidogo, au kidogo zaidi, bila kikomo cha udogo. Utasahihishaje kitu usichoweza kukinakili, usichoweza kukitazama, na kinachoharibika kwa viwango visivyohesabika?

Chini ya hoja zote hizo kulikuwa na dhana moja ambayo hakuna aliyeona haja ya kuitetea: kwamba ili ulinde kitu, sharti kwanza ukijue. Ni dhana ya kale na inaonekana haina shaka. Mwaka 1995 Shor huyohuyo aliivunja, na nadhani kuvunjika kwake ni miongoni mwa matukio makubwa ya kifalsafa ya karne ya 20, ingawa kulitokea katika karatasi fupi ya fizikia ambayo wanafalsafa wachache waliisoma.

Tuchukue mfano mdogo kabisa, mdogo kuliko ule wa Shor. Kubiti moja imebeba mchanganyiko wa 0 na 1, kwa uzito a na b ambao hatuujui. Tunaifungamanisha na kubiti nyingine mbili, hata uzito a ubebwe na 000 na uzito b ubebwe na 111. Hakuna nakala iliyotengenezwa hapa. Mchanganyiko ni uleule mmoja, umetandazwa tu juu ya kubiti tatu. Sasa tuseme mojawapo imegeuzwa na kelele ya mazingira. Tunauliza maswali mawili: ya kwanza na ya pili zinafanana? Ya pili na ya tatu zinafanana? Kihesabu, tunauliza kama idadi ya 1 katika kila jozi ni shufwa au witiri. Majibu yakiwa ndiyo na ndiyo, hakuna kilichogeuka. Yakiwa hapana na ndiyo, mwenye kosa ni ya kwanza. Hapana na hapana, ni ya pili. Ndiyo na hapana, ni ya tatu. Tunaigeuza iliyopotoka, na hali yetu imerudi ilivyokuwa.

Hebu tuangalie tena tulichouliza. Hali ya 000 na hali ya 111 zinatoa majibu yaleyale, ndiyo na ndiyo. Kwa hiyo jibu halituambii lolote kuhusu a na b, na kwa kuwa halituambii lolote, haliharibu lolote. Jibu hilo hupokewa na kubiti msaidizi iliyowekwa kando, na hiyo ndiyo inayopimwa na kusomwa. Kosa tumelijua kwa ukamilifu: limetokea wapi, na la aina gani. Kilichokosewa hatukukijua kabisa. Mzee anayesuluhisha mume na mke huweza kuwauliza kama kauli yao ni moja, akaridhika na jibu, bila kuomba aambiwe kauli yenyewe. Na kama angeiomba, pengine nyumba ingevunjika.

Kubiti ina namna nyingine pia ya kukosea, ambapo 0 na 1 hazigeuki bali uhusiano wa mawimbi yao ndio unaogeuka alama. Ndiyo maana Shor alihitaji kubiti tisa, tatu mara tatu. Mwaka uliofuata Andrew Steane wa Oxford alitosheka na saba. Hesabu zake si fupi, lakini moyo wake ni uleule: uliza uhusiano, usiulize thamani.

Ile hoja ya makosa yasiyo na hatua ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu jibu lake linapindua mambo. Tuseme kubiti imepinda kidogo tu, hata sasa iko katika mchanganyiko wa "hakuna kosa" kwa uzito mkubwa na "kosa kamili" kwa uzito mdogo. Tukiuliza swali letu la shufwa au witiri, kipimo kinafanya kile ambacho kipimo cha kwanta hufanya siku zote: kinalazimisha jibu moja. Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna kosa, na papo hapo upindo mdogo unafutika kana kwamba haukuwapo. Mara chache jibu ni kwamba kosa lipo, nalo papo hapo limekuwa kosa kamili, ambalo tunajua kulirekebisha. Kuanguka kwa mchanganyiko, jambo lililoogopwa na kila mtu kama adui wa mashine hii, ndiko kunakoyapa makosa hatua. Swali halikugundua kosa lililokuwa limekaa likingoja. Swali lililifanya kosa liwe na sura.

Kwa hiyo kuuliza ni kutenda. Heisenberg na Bohr walilisema hilo tangu mwaka 1927, na kwa miaka mingi lilisikika kama tanzia: maumbile yanatufungia mlango, ujuzi wetu una mpaka. Sioni tanzia. Ikiwa kila swali ni tendo, basi maswali yanatofautiana kama matendo yanavyotofautiana, na kuna maswali yanayoponya. Mpaka wa ujuzi hauko kati ya kujua na kutojua. Uko kati ya swali hili na lile.

Erwin Schrödinger alilikaribia jambo hili mwaka 1935, alipoandika kuhusu ufungamano. Alieleza kwamba ujuzi bora kabisa wa kitu kizima hauna lazima ya kuwa ujuzi bora wa sehemu zake. Mtu aliyezoea kufikiri kwamba nzima ni jumla ya vipande hulisoma hilo kama kasoro. Katika misimbo ya kusahihisha makosa, yaani mipango kama ile ya kubiti tatu au tisa, hilo ndilo kimbilio. Habari imewekwa kwenye uhusiano wa kubiti zote, hivyo msimbo ukiwa na kinga kamili, ukichukua kubiti yoyote moja na kuipima hutapata chochote kuhusu siri. Na hapa tunafika kwenye maana ya kosa lenyewe. Molekuli ya hewa inayogonga atomu, fotoni inayopita, chembe ya joto: kila kimoja, kikigusa kubiti, hubeba alama ya hali yake na kuondoka nayo. Mazingira nayo yanauliza, tena bila adabu. Hali ya kwanta huharibika kwa sababu ulimwengu umeijua. Sehemu kubwa ya tunachokiita kosa ni ujuzi uliovuja, na msimbo mzuri ni ule unaoficha siri mahali ambapo hakuna jirani mmoja anayeweza kuijua.

Msomaji atapinga: hali iko pale, ina thamani yake, sisi tumekataa tu kutazama, ni adabu, si falsafa. Pingamizi hilo lina jibu la maabara. Mwaka 1964 John Bell, mzaliwa wa Belfast aliyefanya kazi CERN, alithibitisha kwamba ikiwa kila chembe hubeba majibu yake tayari yameandikwa ndani, na ikiwa chembe zilizo mbali haziathiriani papo kwa papo, basi ulinganifu wa majibu yao una kikomo. Katika sura moja maarufu ya kipimo hicho kikomo ni 2, na fizikia ya kwanta inatabiri hadi karibu 2.83. Majaribio ya John Clauser, ya Alain Aspect na ya Anton Zeilinger yalivuka kikomo, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 2022 iliwaendea watatu hao. Anayetaka kushikilia kwamba jibu lilikuwa limeandikwa tayari inambidi alipe gharama kubwa mahali pengine. Hivyo a na b si barua ndani ya bahasha tuliyoamua kutoifungua. Kabla ya kipimo hakuna 0 wala 1 ya kusomwa. Kuna hali, nzima, na uzima wake tunaweza kuuthibitisha.

Uzima huo sasa unapimika. Mwishoni mwa mwaka 2024 watafiti wa Google walieleza matokeo ya chipu yao iitwayo Willow, yenye kubiti 105 za saketi zipitishazo umeme bila ukinzani, zikiwa kwenye baridi inayokaribia sifuri halisi. Walitumia msimbo wa uso, uliotokana na mawazo ya mwanafizikia Alexei Kitaev, na kuukuza kutoka gridi ya 3 kwa 3 hadi 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7. Kwa kila ngazi, kiwango cha makosa kilipungua zaidi ya nusu. Nadharia ilikuwa imeonya kwamba kuongeza kubiti mbovu kunazidisha ubovu, na kwamba ni chini ya kizingiti fulani tu ndipo wingi unapogeuka kuwa kinga. Walikuwa chini ya kizingiti. Hali iliyohifadhiwa na kundi zima iliishi zaidi ya mara mbili ya maisha ya kubiti bora kuliko zote ndani ya chipu. Maswali ya shufwa na witiri yaliulizwa upya kila baada ya takribani sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Hatimaye hesabu sharti iishe, na mwisho wake ni kipimo kinachoanguka kwenye 0 na 1 za kawaida. Hapo ustadi uleule unahitajika tena, na Shor alikuwa nao mwaka mmoja kabla ya msimbo wake. Katika njia yake ya kuchambua namba, mashine inabeba kwa pamoja thamani zisizo na idadi za mlolongo unaojirudia. Mtu angetamani kuzisoma. Akijaribu, ataambulia moja, ya kubahatisha, isiyomfaa kitu. Shor hakuuliza thamani hata moja. Aliuliza mlolongo unajirudia baada ya hatua ngapi, na urefu huo wa mzunguko ulitosha kuifungua namba. Kwa makadirio aliyotoa Craig Gidney wa Google mwaka 2025, namba ya biti 2048 ingehitaji kubiti zenye kelele zisizofika milioni moja na muda usiofika wiki. Katika wiki hiyo yote kubiti hizo zingekuwa zinaulizwa bila kukoma kama zinafanana, na wala mjenzi wala mashine isingejua zimebeba nini.