Haki ya Mgeni Ashukaye Melini na Haki ya Msikiti wa Kilwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Alitujia barazani, huku Temeke, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja wa Mbagala ambaye kwa upande wa mama ni mtu wa Kilwa. Akaamkia, akaitikiwa, akakaa kimya hata watu walipopungua. Kisha akasema: "Maalim, nina neno linanikera. Huitwa Kilwa siku zijapo meli za watalii, kwa kuwa najua lugha zao kidogo, nikawatembeze Kisiwani. Siku moja niliwaingiza watu wapatao ishirini katika Msikiti Mkuu. Wengine walikuwa nusu uchi, na mmoja akaketi ndani ya mihrabu apigwe picha, akicheka. Mimi nikanyamaza, kwa khofu ya kukosa bakhshishi. Tangu siku ile nikisimama kusali moyo hautulii. Je, chumo lile ni halali? Na je, niiache kazi hii?"

Hatukumjibu usiku ule, kwani swali lake si dogo, wala si lake peke yake. Wengi katika sisi tukaao Temeke, Mbagala na Kinondoni tuna jamaa Kilwa, Lindi, Rufiji na Mafia. Na vijana wetu wengi hawana kazi. Basi tumeona tuliandike jawabu hili, lisomwe na kila mwenye kuhitaji.

Kwanza yafaa tukijue kisiwa chenyewe. Kilwa Kisiwani ni mbele ya Kilwa Masoko, mwendo mfupi wa mashua, na watu wake leo ni wavuvi na wakulima. Lakini zamani palikuwa mji mkubwa kuliko miji yote ya pwani ya kusini, uliotawala biashara ya dhahabu ya Sofala na kupiga sarafu zake wenyewe za shaba. Msikiti Mkuu ulianzwa yapata miaka elfu iliyopita, ukapanuliwa karne ya 14 zama za Sultani Hasan bin Suleiman. Naye ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali litazamalo bahari. Magofu hayo pamoja na yale ya Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakahesabiwa katika mahali palipo khatarini, na mwaka 2014 yakatolewa khatarini baada ya kukarabatiwa. Sasa, katika miaka hii ya karibuni, meli za matembezi zimeanza kutia nanga katika bandari ile. Abiria hushuka kwa vijimashua asubuhi, hutembea, hutazama, hupiga picha, na jioni meli imekwisha ondoka.

Basi tuanze na neno la kwanza: mtu huyu ashukaye melini, je, ni mgeni?

Atasema msemaji: huyu si mgeni. Mgeni hulala kwetu na kula chakula chetu. Huyu kitanda chake kimo melini na chakula chake kimo melini. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hata siku ya pili haifiki. Tena amelipa fedha, na mwenye kulipa ni mnunuzi, wala mnunuzi hana haki ya mgeni.

Twasema: maneno haya yana sura ya ukweli, lakini hayatoshi. Mtume wetu ametuamuru kumkirimu mgeni, akaweka haki yake kuwa siku tatu, na kipitacho hapo ni sadaka. Na sababu ya amri hii ni dhahiri: mtu aliye mbali na kwao ni mhitaji, hata akiwa tajiri kwao. Aliyekuja zamani kwa jahazi au kwa miguu alihitaji maji, chakula na mahali pa kulaza ubavu. Huyu wa leo hayahitaji hayo. Lakini je, hana haja? Anayo. Hajui asimamapo. Haijui mihrabu, hajui kaburi ni la nani, hajui ajengaye msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa ni nani. Haja yake ni kujua, na mwenye kujua ni sisi. Basi karama tunayowiwa naye ni khabari ya kweli na adabu njema. Mwenye kumdanganya kwa hadithi za uwongo ili acheke na kuongeza bakhshishi, huyo amemnyima mgeni chakula chake akampa makapi.

Na katika khabari za Kilwa imo khabari ya mgeni iliyo kubwa. Ibn Battuta, msafiri wa Maghribi, alifika huko mwaka 1331, akaeleza kuwa Sultani Hasan bin Suleiman aliitwa Abu al-Mawahib, maana yake baba wa vipawa. Alikuwa akitoka msikitini siku ya Ijumaa, akasimamishwa na fakiri mmoja wa Yemen aliyemwomba nguo alizovaa, tena zile zile, tena saa ile ile. Sultani akarejea, akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa. Mwanawe akaichukua ile nguo kwa fakiri akampa watumwa kumi badala yake. Na Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akamwongezea watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe.

Tuisome khabari hii kwa macho mawili. Kwa jicho moja twaona mfalme aliyevua nguo yake kwa ajili ya mgeni. Na hii ni sifa. Kwa jicho la pili twaona watu ishirini, wana wa Adamu kama sisi, wakitolewa kama vitu kwa ajili ya ukarimu wa mtu mwingine. Wao hawakuulizwa. Hapa pana funzo ambalo tutalirejea: ukarimu wa kweli ni kutoa kilicho chako, si kutoa kilicho cha mwenzio.

Neno la pili: msikiti. Je, yafaa kuwaingiza wasiokuwa Waislamu?

Katika madhehebu yetu ya Shafi, asiyekuwa Mwislamu aweza kuingia msikitini kwa idhini ya Mwislamu, isipokuwa katika Haramu ya Makka. Na dalili zipo: Mtume aliwapokea wajumbe wa Thaqif katika msikiti wake hali bado hawajasilimu, na Thumama bin Uthal alifungwa penye nguzo ya msikiti ule ule, akaona aliyoyaona, kisha akasilimu kwa khiari yake. Basi kuingia kwao si kosa.

Wala asiseme mtu: ule ni gofu, hapasaliwi sala za jamaa, basi si msikiti tena. Wanavyuoni wetu wamekata shauri kuwa mahali palipowekwa wakfu kuwa msikiti hubaki msikiti hata jengo likianguka na watu wakihama. Hapauzwi wala hapageuzwi. Na ikiwa ni msikiti, una heshima yake. Viatu si shina la neno, maana Mtume na masahaba walipata kusali na viatu vyao. Linalotazamwa ni najisi. Shina la neno ni kusitiri mwili, kutofanya mzaha, na kutofanya mihrabu kiti cha kuchezea.

Na idhini ni ya nani? Ni ya Mwislamu aliye mlangoni. Serikali ina sheria zake za mambo ya kale na ada zake za kuingia, nazo tuzitii. Lakini yule kijana ndiye aliyesimama pale kwa niaba ya umma. Idhini yake ilikuwa na thamani, naye aliitoa bure bila ya sharti. Kosa lake ni hilo. Mgeni hakujua, na asiyejua hulaumiwa baada ya kuambiwa, si kabla. Wangapi katika wale ishirini wangalikataa kujifunika kama wangaliombwa kwa upole? Huko Unguja, ambako wageni wamezoeleka zamani, huombwa wajisitiri wapitapo mjini, na wengi hufuata.

Neno la tatu: chumo. Twasema: ujira wa kuwaongoza watu na kuwaeleza ni halali, kwani kazi yenyewe ni halali. Kunyamaza kwake ni kosa la mbali, ambalo dawa yake ni toba. Hatumlazimishi kuzitupa fedha zile. Lakini akipenda kutoa sadaka sehemu yake, ni jambo jema na litatuliza moyo. Na kazi asiiache. Akiiacha yeye aliyejuta, ataichukua asiyejuta.

Lakini yapo machumo mengine katika siku za meli ambayo hatuyahalalishi. Watoto huokota vigae vya kale, shanga na sarafu za shaba, wakawauzia wageni. Vitu hivi si vyao. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yavilinda. Na kabla ya sheria ile, amana ya Kiislamu yavilinda. Kila sarafu iondokayo ni shahidi mmoja aliyenyamazishwa, kwani juu yake limeandikwa jina la sultani na la Mola wake. Vile vile kumtoa mtoto chuoni ili akaombe senti pwani ni kumwuza kwa bei ndogo.

Hapa atasimama mwenye uchungu aseme: mbona mwaweka adabu kwetu, hali wao ndio waliotuibia? Meli za Ulaya tumezijua tangu zamani.

Ni kweli, wala hatufichi. Vasco da Gama alifika Kilwa mwaka 1502, akamtisha Amir Ibrahim hata akalipa kodi ya dhahabu. Na kwa dhahabu hiyo kilifanywa, mwaka 1506, chombo cha kanisa kilichopo Lisbon hata leo, watu hulipa kukitazama. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida, mji ukaporwa, ikajengwa ngome. Lakini hesabu ya haki haiishi hapo. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mapatano na sultani wa Kilwa apewe watu 1,000 kila mwaka wawe watumwa. Safari hii hapakuwa na mzinga uliopigwa. Mgeni alinunua, na mwenyeji aliuza. Na alichouza hakikuwa chake.

Basi khatari ya kisiwa haikuwa daima kwa mgeni mwenye nguvu tu. Ilikuwa pia kwa mwenyeji mwenye tamaa. Na mgeni wa leo hana mzinga. Hawezi kutunyang'anya heshima ya msikiti. Ataipata tu tukimwuzia. Hilo ndilo tulilotaka kijana wetu alijue: jambo limo mkononi mwake.

Yabaki neno la mwisho, nalo ni juu yetu sisi. Barabara ipitayo Temeke na Mbagala yaitwa Barabara ya Kilwa. Twaitaja kila siku. Tangu daraja la Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, mtu apandaye basi alfajiri hufika Kilwa mchana, mwendo wa yapata kilometa 300. Sasa jiulize, ewe ndugu: umekwenda mara ngapi? Mwandishi wa maneno haya ana umri mkubwa, na babu yake amezikwa upande ule, naye hajapata kusali rakaa mbili katika msikiti ule. Mzungu ametoka nchi ya mbali, amelipa fedha nyingi, apate kusimama pale saa moja. Nasi tuliopewa pale bure hatukusimama hata dakika moja. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Amri hii hatukuachiwa watalii.

Basi huu ndio wasia wetu. Kwa kijana: rudi kazini kwako. Kabla ya kuwaingiza watu, simama mlangoni uwaambie hii ni nyumba ya ibada. Weka kanga na shuka chache, asiye na sitara umsitiri. Khabari za kale zasema kuwa kisiwa hiki kilinunuliwa na sultani wake wa kwanza kwa nguo za kukizunguka. Haitashindikana kumpatia mgeni mmoja nguo ya kumzunguka yeye. Akikataa, abaki nje kwa upole, na bakhshishi yake ibaki naye. Na wewe uingiapo, ukipata nafasi, sali rakaa mbili mbele yao. Hakuna maelezo yatakayowafahamisha msikiti ni nini kuliko hayo.

Kwa wazee wa Kisiwani: ombeni sehemu ya mapato itumike kijijini, kwa maana mwenyeji naye ana haki, na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kwetu sisi wa Temeke na Kinondoni: tukusanye nauli, tuchukue watoto wetu, twende tukapaone kabla hatujasimuliwa na wageni.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenyeji wema wa kile alichotuachia, na awarehemu waliojenga, na waliouzwa, na waliozikwa pale. Amin.